Kochi la Mgeni Rasmi

“Na mimi nakwambia kwa mara ya mwisho, shemeji, kochi hili haliondoki.” Nilikuwa nimeshalikalia, katikati kabisa, mikono nimeitandaza juu ya mgongo wake kama ninayesubiri kupigwa picha. “Ukilitaka, libebe na mimi nikiwa juu yake.”

“Mama Viti, tuongee kama watu wazima.”

“Ndivyo tunavyoongea.”

“Mgeni rasmi hawezi kukalia plastiki.”

“Kwani ana majipu?”

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akakohoa. Ndivyo anavyocheka mbele ya kaka yake.

Shemeji hakucheka. Alikuwa ameshavaa suti ya kijivu na tai asubuhi ile, na faili la hotuba kalibana kwapani. Wanaume wawili aliokuja nao kubeba walisubiri barazani. Mmoja ameshavua viatu ili asinichafulie zulia, yaani walijua kabisa mwisho wa mjadala ni upi. Walikuwa wamekuja kwa kazi hiyohiyo mwaka uliopita.

Huyu shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, na ni mwenyekiti wa tamasha la vitabu na sanaa la mji wetu tangu lilipoanza. Mji wenyewe ni mdogo: bahari upande huu, barabara kuu upande ule, katikati sisi tunaojuana mpaka kwa kikohozi. Kila mtu anamwita Mzee Itifaki, na yeye jina analipenda. Alistaafu ofisini zamani, ila ofisi haijastaafu ndani yake. Hata msibani hawezi kutoa pole kabla hajawataja waliohudhuria kwa vyeo vyao, na marehemu akiwa na cheo humtaja pia.

Mimi wananiita Mama Viti kwa sababu nakodisha viti, meza na vyombo vya shughuli. Nilisomea ugavi, stashahada yangu imetundikwa ukutani, na nilitunza maghala ya watu mpaka nilipojiuliza kwa nini natunza vya wenzangu. Kila kiti changu kina doa la rangi nyekundu chini ya kikalio, na kila meza ina doa mguuni, ili shughuli ikiisha pasiwe na mabishano. Lakini kwa tamasha huwa sikodishi. Shemeji hakodishiwi. Shemeji anakuja, anasema “haya ni mambo ya familia,” na anaondoka na viti vyako vyote.

Kochi liliingia kwenye mambo ya familia mwaka juzi. Shemeji anashikilia kwamba tamasha lazima lifanyike mchangani ili bahari ionekane nyuma ya jukwaa kwenye picha. Nilimwonya kwamba kiti cha plastiki mchangani huzama, na mtu akiwa mzito huzama upande mmoja. Akaniambia hayo ni mambo ya kiufundi. Mgeni rasmi wa mwaka huo, mtu wa mwili na heshima zake, alikaa, akaegemea, na kiti kikamlaza chali mbele ya mji mzima, soksi juu. Picha zilitoka safi. Bahari ilionekana vizuri sana. Tangu siku hiyo, tamasha likifika, kochi langu la sebuleni linapelekwa ufukweni, na linarudi na mchanga ninaoukung’uta mpaka tamasha linalofuata.

“Haya,” nikasema. “Chukua. Lakini lina sharti.”

“Sharti gani tena?”

“Saa nne mwanangu anasoma. Mgeni awepo, asiwepo, awe njiani, awe kitandani. Saa nne.”

Shemeji akamtazama mume wangu, kama anayetafuta mwanamume mwenzake humo chumbani. Mume wangu akaitazama chai.

“Saa nne ipo kwenye ratiba,” shemeji akasema.

“Mwaka jana pia ilikuwepo.”

“Mwaka jana mgeni alichelewa.”

“Mwaka jana alichelewa, mwaka juzi alichelewa. Mtu akichelewa kila mwaka, shemeji, huyo hajachelewa. Hiyo ndiyo saa yake. Nipe neno lako.”

“Unalo neno langu.”

“Itaje saa.”

“Saa nne, Mama Viti! Lo! Ndugu yangu, huyu mke ulimtoa wapi?”

“Wewe ndiye uliyepeleka posa, kaka,” mume wangu akasema.

Nikainuka. Wakabeba kochi, likapita mlangoni kwa ubavu kama kawaida yake, na sebule ikabaki na alama nne za miguu kwenye zulia.

“Ungemwachia tu,” mume wangu akaniambia walipoondoka. Hilo ndilo neno lake kuhusu kaka yake, kwa kila jambo. Kaka akitaka shamba, ungemwachia tu. Kaka akitaka redio, ungemwachia tu. Nikamwambia anywe chai akafunge nyaya za spika.

Sasa niseme kwa nini saa nne.

Binti yetu mkubwa anafundisha chekechea. Ni mpole kama maji ya mtungini, na upole huo hakuutoa kwangu. Miaka miwili iliyopita alianza kuchora na kuandika kitabu cha watoto, na akakiita *Ndala Moja*. Ni habari za ndala ya bluu inayotupwa ufukweni na mawimbi bila mwenzake, basi inapita mji mzima ikimtafuta. Inamuuliza fundi viatu, inamuuliza mbwa, inawauliza wanaofua. Mimi si mtu wa hadithi. Nikisoma kitu napenda kiniambie uzito na kimetengenezwa wapi. Lakini hiyo niliisoma nimesimama jikoni, na mchuzi ukaungua.

Mwaka jana alipewa nafasi ya kuwasomea watoto michoro yake kwenye tamasha, saa nne asubuhi. Mgeni akaingia saa nane. Wakati hotuba zinaisha, watoto walikuwa kwao wamelala usingizi wa mchana. Binti yangu alirudi nyumbani, akasema “haikuwa mbaya, mama,” akaisukuma michoro chini ya kitanda, na hakushika rangi tena mpaka mvua zikapita. Mwaka huu kitabu kimechapishwa kabisa, kina jalada. Majuzi, tukiosha vyombo, akaniambia bila kuniangalia: “Mama, nikikosa tena mwaka huu, nitaacha. Sisusi. Nitaacha tu.”

Angesema kwa kulia ningejua la kufanya. Alisema huku anafuta sahani.

Nilifika ufukweni na shehena ya mwisho ya viti wakati jua limeanza kuuma. Jukwaa lilikuwa tayari, bahari nyuma yake. Mbele ya jukwaa, chini ya turubai la halmashauri, kochi langu peke yake, limefunikwa shuka jeupe kama maiti. Nyuma yake safu mbili za viti vyangu, kila kimoja kimebandikwa karatasi: WAGENI. Kisha ndiyo viti vya watu, juani.

Upande wa kulia palikuwa na meza ya vitabu. Hiyo ilinisimamisha. Vitabu vyote vya waandishi wa mji wetu vilikuwa vimepangwa vizuri, halafu vikafunikwa nailoni, halafu mbele ya meza vikachimbiwa vijiti viwili vilivyopakwa rangi, na kati ya vijiti ukafungwa utepe mwekundu wenye ua kubwa katikati.

“Huu ni nini?” nikamuuliza mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua na sauti ya kuuza magodoro.

“Utepe wa uzinduzi, Mama Viti. Mgeni rasmi akiukata, ndipo vitabu vinaguswa.”

“Na kabla ya hapo?”

“Vinaangaliwa.”

“Nailoni yenyewe imejaa mvuke. Mtu anaangalia nini?”

“Anaangalia… ujumla wake,” akasema, akaondoka kujaribu kipaza sauti. Moja mbili. Moja mbili. Sijawahi kumsikia akifika tatu.

Kando ya ufukwe, hatua chache tu, lipo jengo la mnada wa samaki. Siku ya tamasha mnada haupo. Ndani pameoshwa, sakafu ya saruji ni baridi, paa ni pana, upepo unapita upande hadi upande. Kila mwaka nasema tamasha lifanyike mle, na kila mwaka shemeji ananijibu kwamba mgeni rasmi hawezi kunusa samaki. Nilimuuliza kwao wanakula nini. Akasema nisimkosee adabu mtu ambaye bado hajafika.

Watoto wa chekechea walikuja kabla ya saa nne, wamevaa sare, na kila mmoja amebeba ndala moja. Mwalimu wao, yaani binti yangu, ndiye aliyewaagiza: kila mtu atafute nyumbani ndala isiyo na mwenzake. Kama una watoto unajua kwamba hakuna nyumba isiyo na ndala ya namna hiyo. Walikuwa nazo za kila rangi, kubwa za baba zao, ndogo zilizolika kisigino, moja imeunganishwa kwa waya. Wengine wamezivaa mikononi. Mama zao waliwaacha kwa mwalimu, wakasema adhuhuri watakuja kuwachukua, kwa sababu mtoto wa miaka mitano asiyekula mchana hageuki msomaji, anageuka nyoka.

“Watakaa wapi?” nikamuuliza binti yangu.

“Baba mkubwa amesema wakae mchangani kwanza. Viti vya mbele ni vya wageni.”

“Wageni wako wapi?”

“Mama.”

“Nimeuliza tu.”

Saa nne ikafika. Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama barabara. Nikamwendea.

“Shemeji. Saa nne.”

“Tunaelekea huko.”

“Hatuelekei, tupo. Mwite mwanao asome.”

“Mgeni yuko njiani, Mama Viti. Unajua maana ya njiani? Akifika akute shughuli imeanza, atajisikiaje?”

“Atajisikia amechelewa.”

“Haraka haraka haina baraka.”

“Ngoja ngoja huumiza matumbo.”

“Subira yavuta heri.”

“Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nina nyingine, shemeji, tuendelee?”

Akainua kiganja kama askari wa barabarani. “Dakika chache tu. Neno langu lipo palepale.”

Nikarudi kwenye viti vyangu, nikaanza kuvinyoosha vilivyozama, ili mikono ipate kazi isije ikafanya jingine. Watu walikuwa wamekaa, wanajipepea kwa ratiba. Mchoraji wetu wa mandhari alikuwa anakimbizana na picha zake. Upepo ukiiangusha moja anaisimamisha, ukaangusha ya pili. Mshairi alizunguka nyuma ya jukwaa akipasha sauti. Shairi lake lote lilikuwa la kumsifu mgeni rasmi, kwa hiyo na yeye hakuweza kuanza. Mshereheshaji akapiga wimbo. Ukaisha, akaupiga tena.

Mara tatu nilimfuata shemeji. Mara ya kwanza mgeni alikuwa njiani. Mara ya pili alikuwa anaingia njiani. Mara ya tatu shemeji aliniona nakuja, akajifanya anazungumza na simu iliyokuwa imezimwa.

Binti yangu alikuwa amewakalisha watoto duara kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya spika. Kivuli kikisogea, wanasogea nacho. Aliwaimbisha wimbo mdogo, na mshereheshaji akatoka mbio akaomba wanyamaze, wanamwingilia kipaza sauti. Wakanyamaza. Aliwaambia basi wapige makofi kimyakimya, kwa vidole. Wakapiga kwa vidole, na ndala zao mapajani.

Jua lilikuwa karibu utosini ndipo mmoja wao, kasichana kenye pengo na ndala ya kijani, kalipotoka kwenye duara. Kalikwenda mpaka meza ya vitabu, kakapita chini ya utepe, kakainua pembe ya nailoni, na kakachomoa *Ndala Moja*. Hakakuiba. Kalikaa chini palepale, miguu mbele, kakafungua ukurasa wa kwanza na kuweka kidole juu ya picha.

“Wewe!” Shemeji alitokea kwa kasi ambayo sikujua suti ile inaiweza. “Rudisha! Kitabu hicho hakijazinduliwa!”

Mtoto akamtazama. “Nasoma,” akasema.

“Hakisomwi kabla ya kuzinduliwa!”

Akamnyang’anya. Si kwa nguvu, nimtendee haki. Alikivuta kwa ncha za vidole, akapuliza mchanga, akakirudisha mahali pake na kuilaza nailoni juu kwa kiganja, polepole, kama anayemfunika mtoto mchanga. Nadhani kwa namna yake alikuwa anakiheshimu. Hilo ndilo linalochosha kwa mtu yule. Ana nia njema mpaka unatamani angekuwa mwizi, ujue pa kumshika.

Kasichana kalirudi kwenye duara mdomo umevimba. Binti yangu akakapokea. “Samahani, baba mkubwa,” akasema. Yeye ndiye aliyeomba samahani.

“Baba mkubwa,” akaongeza, sauti chini, “watoto wanakaribia kuchukuliwa. Naomba hata dakika kumi. Nitasoma bila kipaza sauti.”

“Mwanangu, wewe ni mtu uliyesoma. Tukivunja itifaki kwa ajili yako watasema ni kwa sababu wewe ni wa nyumbani. Ngoja nimpigie dereva wake, usikie mwenyewe.”

Akapanda jukwaani, maana ndipo simu zinaposhika vizuri. Akapiga, akaiweka kwenye sauti kubwa kwa sababu masikio yake si ya jana, na akasimama karibu kabisa na kipaza sauti ambacho mshereheshaji alikuwa amekiacha wazi ili kisipoe.

“Dereva! Mmefika wapi?”

Ufukwe mzima ulisikia, spika zote nne:

“Bado hatujatoka, mzee. Mheshimiwa ndiyo anaingia kuoga.”

Kisha mtu mmoja safu za nyuma akauliza, “Maji ya moto au baridi?” na watu wakaangua kicheko cha watu waliochomwa na jua.

Shemeji alikata simu. Akarekebisha tai. Akasogelea kipaza sauti na kusema, hivi hivi namnukuu: “Waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa, tuendelee kusubiri.”

Nilimgeukia binti yangu. Mama wawili walikuwa wameshafika kuchukua watoto wao, mmoja anamfuta mwanawe mchanga magotini. Binti yangu alikuwa amepiga magoti katikati ya duara. “Basi, wanangu,” alikuwa anasema, “tutasoma siku nyingine, sawa? Kila mtu ashike ndala yake asiipoteze.” Na alikuwa anatabasamu. Nalijua tabasamu lile. Ndilo aliloingia nalo mlangoni mwaka jana, likakaa nasi mezani, na nyuma yake michoro ikaenda chini ya kitanda.

Basi. Kuna watu wakikasirika wanapiga kelele. Mimi nikikasirika nafungasha.

Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kochi. Nikavuta lile shuka, nikalikunja mara nne, nikaliweka juu ya jukwaa. Halikuwa langu.

“Baba watoto!” nikaita. Mume wangu aliinua kichwa kutoka kwenye nyaya. “Shika upande huo.”

“Tunalipeleka wapi?”

“Mnadani.”

Alimtazama kaka yake. Shemeji alikuwa anashuka jukwaani, faili mkononi, macho yamemtoka.

“Mama Viti, unafanya nini?”

“Nachukua kochi langu, shemeji.”

“Kochi la mgeni rasmi!”

“Mgeni rasmi yuko bafuni. Hana haja ya kukaa.”

“Huwezi kuniaibisha mbele ya—” akageuka kwa mdogo wake. “Mwambie mkeo! Kwani wewe huna la kusema?”

Nilijua la kusema kwake ni lipi. Nimeliishi miaka yote. Mume wangu akafuta mikono kwenye suruali, akaja mpaka kwenye kochi, akainama.

“Kaka,” akasema, “ulimpa neno.” Na akainua.

Tukaondoka nalo. Mchangani kubeba kochi si mchezo. Unazama, linakupiga muundi, jasho linaingia machoni. Nyuma yangu nikasikia viti vinagongana. Nilikuwa nimemwambia mama mmoja, yule wa mtoto mwenye magoti machafu, “Dada, kama una mkono chukua viti viwili unifuate.” Akachukua vinne. Aliyekuwa amekaa jirani yake akasimama akachukua cha kwake. Kiti cha plastiki ni chepesi. Ukiona mwenzako anaondoka na chake kuelekea kivulini, huhitaji hotuba.

Tulipolitua kochi ndani ya jengo la mnada, juu ya ile saruji baridi, nikarudi kwa mara ya pili. Watu walikuwa wanavuka mchanga kwa mstari, kila mtu na kiti kichwani au kwapani. Zile karatasi za WAGENI zilikuwa zinapeperuka kuelekea majini, na mchoraji anazikimbiza akidhani ni picha zake.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya meza ya vitabu, mikono ameitanua.

“Hapa hupiti,” akasema. “Utepe huu utakatwa na mgeni rasmi. Labda upite juu ya maiti yangu.”

“Shemeji, utepe siugusi. Heshima yako iko palepale.”

Nikapita nyuma ya meza. Mume wangu akapita upande wa pili. Nikainama nikamwonyesha shemeji doa jekundu mguuni, kwa ajili ya utaratibu, maana na mimi nina itifaki yangu. Kisha tukainua meza, na vitabu vyake, na nailoni yake, tukarudi nayo kinyumenyume kutoka kwenye utepe.

Utepe ukabaki. Mzima kabisa, ua katikati, umefungwa kati ya vijiti viwili, unalinda mchanga. Mzee Itifaki akabaki amesimama mbele yake, mikono bado ameitanua.

Mnadani kulikuwa na ubaridi na harufu kidogo ya samaki ambayo hakuna aliyeitaja. Watoto walikuwa wameshakaa mbele, juu ya viti vya WAGENI, miguu inaning’inia. Wazazi waliokuja kuwachukua walikuwa wamekaa nyuma yao. Nilivuta nailoni, nikachukua kitabu cha juu, nikakipeleka kwa binti yangu. Alikuwa amesimama kando ya kochi, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

“Kaa,” nikamwambia.

“Mama, hilo ni la—”

“Ni la sebuleni kwetu. Umelikojolea ukiwa mdogo. Kaa.”

“Baba mkubwa atakasirika.”

“Atakasirika akiwa amesimama. Viti vyote viko huku.”

Akakaa. Akakipokea kitabu, akaangalia mlangoni. Niligeuka. Shemeji alikuwa amefika kizingitini, faili kifuani, suti ina mchanga mpaka magotini. Watu wote wakamgeukia, na ndala zikatulia. Akaangalia kochi. Akaangalia aliyelikalia. Nikaona midomo inatafuta cheo cha kuanzia.

“Mwanangu,” nikasema kabla hajakipata, “soma.”

Akafungua ukurasa wa kwanza, akageuza picha kuelekea kwa watoto, na akaanza, sauti ndogo kwanza: “Siku moja bahari ilitapika ndala.”

“Yangu!” kakasema kale kasichana kenye pengo, na kakanyanyua ndala ya kijani juu.

Wengine wote wakanyanyua za kwao. Binti yangu akacheka, na kicheko kikaipandisha sauti, akaendelea. Mimi nikatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti. Nikapindua kreti la samaki, nikakaa hapo karibu na mlango, nikamsogezea shemeji jingine kwa mguu.